Friji ya kompresa kwenye Hiace ya kulala: ipi inunuliwe na inafungwaje? (Mwanza na kando ya ziwa)

#1 Mtemi wa Nyakato

Wakuu, heshima kwenu. Hiace ndefu ya dizeli, umeme wake volti 12, inageuzwa kuwa gari la kulala watu wawili. Kitanda na jiko viko tayari, imebaki friji. Safari zenyewe ni Mwanza–Lamadi–Musoma, kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, na upande wa pili kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, Geita hadi Chato. Siku tatu au nne bila pa kuchomeka umeme.

Naomba msaada kwa haya: aina gani ya friji, lita ngapi, betri na sola kiasi gani. Pia fundi umeme wa magari anasema tuchomeke kwenye soketi ya sigara, kazi imeisha. Ni sawa? Bajeti ipo, ila si ya kununua mara mbili.

#2 Fundi Baridi

Karibu mkuu. Vitu vitatu tofauti vinauzwa kwa jina moja la "friji ya gari", na viwili havikufai.

Cha kwanza ni kile cha bei ndogo chenye feni bila kompresa. Kinapoza kwa kibati cha umeme, na uwezo wake ni kushusha kama nyuzi 20 chini ya joto la mahali kilipo. Ndani ya gari kukiwa nyuzi 35, maziwa yako yatakuwa kwenye 15, yaani yanaharibika. Na kinakula ampea 4 hadi 5 muda wote, hakipumziki. Cha pili ni friji ya gesi. Hiyo haina kelele, ila inataka gari likae sawasawa, kwa sababu maji na amonia ndani yake hutembea kwa uzito wake tu. Inataka tundu la kutolea moshi ubavuni mwa gari, na ukiiweka kwenye volti 12 inakula ampea 8 hadi 10 mfululizo.

Cha tatu ndicho chako: kompresa ya umeme wa moja kwa moja wa volti 12/24. Zinazojulikana zaidi kwa mafundi ni BD35 na BD50 zilizokuwa za Danfoss. Biashara ile iliuzwa mwaka 2010, na tangu hapo zinatoka kwa jina la Secop. Engel wao wanatumia kompresa ya Sawafuji ya Japani, ambayo pistoni yake inasukumwa na sumaku moja kwa moja bila mota ya kuzunguka. Zipo pia za Kichina, na baadhi zinafanya kazi vizuri. Usikatae kwa jina tu wala usikubali kwa jina tu. Soma stika ya nyuma.

Kwenye stika tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. N maana yake imepimwa hadi joto la nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Hewa ya Mwanza mchana ni nyuzi 27 hadi 30, na N ingeonekana inatosha. Lakini friji haikai kwenye hewa ya Mwanza, inakaa ndani ya bodi la chuma lililoegeshwa juani. Chukua T.

#3 Mama Bwiru

Mtemi, kuhusu umbo: kuna ya kufunguka juu na ya mlango wa mbele. Kwa watu wawili wa siku tatu nne, lita 40 hadi 50 ya kufunguka juu inatosha. Ukiifungua, baridi inabaki chini kwa kuwa hewa baridi ni nzito. Ya mlango wa mbele hewa yote inamwagika miguuni kila ukitafuta nyanya, na kwenye barabara ya makorongo ya Serengeti ule mlango usipokuwa na kitasa cha kufunga kweli utakuta mayai sakafuni.

Ubaya wa ya juu ni kwamba kitu unachokitaka kiko chini kabisa siku zote. Tumia vikapu viwili, na kitakacholiwa siku ya mwisho kitangulie kuingia. Pia pima nafasi ya kifuniko. Kikifunguka chote kinahitaji kama sentimita 40 juu ya friji, na wengi wanaijenga chini ya kitanda wakisahau hilo. Hapo lazima reli ya kuvuta.

#4 Volti Kumi na Mbili

Nije kwenye hesabu, maana ndipo pesa inapopotea.

Friji ya lita 45 kompresa yake ikiwa inazunguka inakula kama wati 45, yaani karibu ampea 4. Haizunguki muda wote. Ukiiweka nyuzi 4 na joto la kuizunguka likiwa 28 hadi 30, itafanya kazi kama theluthi ya muda. Kwa hiyo 45 × 0.35 × 24 = wati-saa 378, gawanya kwa 12 unapata ampea-saa 31 kwa siku, kwa kifupi Ah 31. Gari likishinda juani madirisha yamefungwa, ndani inavuka 45 na friji itazunguka zaidi ya nusu ya muda. Hapo jiandae kwa Ah 45 hadi 50. Ukiigeuza kuwa friza ya −15, zidisha mara mbili ya ile ya kwanza.

Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo paneli iliyolazwa bapa juu ya paa inapata jua vizuri mwaka mzima, haina haja ya kuinuliwa sana. Hesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, toa asilimia 30 ya joto, vumbi na nyaya. Paneli ya wati 100 inakupa wati-saa 350, yaani kama Ah 29. Haitoshi. Wati 200 zinakupa kama Ah 58, na siku ya mawingu mazito ya masika ukipata nusu yake bado unakaribia matumizi ya siku ya kawaida.

Betri: ya asidi au jeli ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 tu za kutumia. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya Ah 100 inakupa 80 hadi 90 bila kuumia. Ya asidi ya kuongeza maji usiiweke kabisa chini ya kitanda. Ikichajiwa inatoa hidrojeni, na wewe umelala juu yake.

#5 Bwana Kirumba

Mnampa gharama bure. Friji ndogo ya nyumbani ya lita 90 na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, bei yake haifiki nusu ya hizo za volti 12. Nafasi kubwa zaidi, spea zipo kila duka, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Kwa nini asifanye hivyo?

#6 Volti Kumi na Mbili

Bwana Kirumba, hoja ya spea ni ya kweli. Lakini angalia inveta yenyewe. Ikiwa imewashwa bila mzigo wowote, inveta ya wati 1000 inakula wati 8 hadi 15. Kwa saa 24 ni wati-saa 190 hadi 360, na hapo haijapoza hata chupa moja ya maji. Ni karibu chakula cha friji ya pili.

Halafu kompresa ya kawaida ya nyumbani inapowaka inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, kwa sekunde chache. Ndiyo maana inveta ndogo inalia na kuzima ingawa kwa karatasi inatosha. Za volti 12 zina kibodi, yaani bodi ndogo ya umeme inayoongoza kompresa, kinachoianzisha mota polepole, hazina kishindo hicho.

#7 Fundi Baridi

Naongezea upande wa baridi. Friji ya nyumbani mabomba yake ya kopa yamepangwa kwa kitu kitakachosimama jikoni miaka 10. Kwenye barabara yenye matuta ya kufululiza bomba linasugua bomba au bati, linatoboka, gesi inatoka. Pia kompresa za BD zinavumilia kuinama hadi nyuzi 30 zikiwa zinafanya kazi, ya nyumbani haikuundwa kwa hilo.

Gari likiwa la kuegeshwa shambani miezi, lina sola kubwa juu na halitembei, hapo nitakubaliana na Bwana Kirumba. Kwa Hiace inayokwenda Ndabaka, hapana.

#8 Mtemi wa Nyakato

Nimewaelewa. Betri ya jeli ya Ah 100 ninayo tayari, mpya. Itakaa nyuma ya kiti cha dereva, na friji itakaa karibu na mlango wa nyuma, kama mita 4 kwa njia ya waya. Soketi ya sigara mmekaa kimya, naomba jibu.

#9 Volti Kumi na Mbili

Jibu ni hapana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu friji nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote. Ni waya.

Waya wa kiwandani unaokwenda kwenye soketi ya sigara ni mwembamba, umezunguka dashibodi nzima, na mwisho wake ni kispringi kinachogusa bati. Gari likitikisika kinagusa na kuachia. Ukichanganya waya, fyuzi na kile kispringi, unaweza kupoteza volti nzima. Betri ina 12.2, friji inaona 11.2. Kinga ya betri ndani ya friji, ikiwa imewekwa ya kukata mapema, inadhani betri imeisha, inazima. Ikizima, mzigo unaondoka, volti inarudi 12.2, friji inajaribu tena, inazima tena. Asubuhi nyama imelegea na betri bado ina chaji. Mwenye gari ananunua betri kubwa zaidi na hali inabaki ile ile.

Sasa hesabu ya waya wako. Mita 4 kwenda na 4 kurudi ni mita 8 za kopa. Kwa ampea 5:
waya wa mili 1.5 unapoteza volti 0.47
waya wa mili 2.5 unapoteza 0.28
waya wa mili 6 unapoteza 0.12

Mili hapa ni milimita za mraba za kopa yenyewe, si unene wa plastiki. Maelekezo ya kompresa za BD kwa volti 12 ni rahisi kukumbuka: mili 2.5 isizidi mita 2.5, mili 4 isizidi mita 4, mili 6 isizidi mita 6, mili 10 isizidi mita 10, ukipima umbali wa kutoka betri hadi friji. Wewe uko ukingoni mwa mili 4, kwa hiyo weka mili 6 na usiwaze tena.

Mambo ya dukani. Usinunue ule waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu, unakatika kwa mtikisiko. Nunua wa nyuzi nyingi laini. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa kopa. Upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya kopa halisi, na kwenye terminali unalegea wenyewe baada ya muda.

Kufunga: nyaya mbili, chanya na hasi, zote kutoka kwenye betri ya nyumba (ile ya jeli, si ya kuwashia injini) moja kwa moja. Hasi usiishikize kwenye bodi la gari. Fyuzi ya ampea 15 kwenye chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kwa kuwa fyuzi inalinda waya na waya ukisuguliwa katikati ya njia ndio utakaowaka. Waya huo usigawane na taa wala pampu ya maji. Terminali zibanwe kwa koleo lake, kisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga selotepu hapana. Upande wa friji weka plagi kubwa ya Anderson, au kata plagi ya sigara kabisa na uunge moja kwa moja. Ukikata, angalia kama ndani ya plagi ile kulikuwa na fyuzi.

Baada ya kufunga, pima. Multimita iwe kwenye ncha za friji, kompresa ikizunguka, halafu pima kwenye betri wakati huo huo. Tofauti ikizidi volti 0.3 tafuta kiungo kibovu. Kupima kwenye betri peke yake hakukuambii kitu.

#10 Wa Usagara

Swali dogo. Coaster ya volti 24, mambo ni yale yale?

#11 Volti Kumi na Mbili

Nyepesi zaidi. Kibodi kinatambua chenyewe 12 au 24, ampea zinakuwa nusu, na urefu wa waya unaruhusiwa mara mbili. Fyuzi iwe 7.5. Usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Hiyo moja itashuka, nyingine itazidishiwa chaji, na zote zitakufa. Na feni ya kwenye kibodi cha BD ni ya volti 12 hata gari likiwa la 24, usije ukabadilisha ukaweka ya 24.

#12 Fundi Baridi

Waya umekwisha, tuje kwenye hewa. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani kupeleka nje kupitia kondensa, yale mabomba yenye mapezi yanayotoa joto. Joto hilo lisipopata njia linaizunguka friji na kurudi.

Kosa linaloonekana sana ni mtu kuichongea friji kabati la plaiwudi linalobana kama koti, kwa kupenda unadhifu. Kompresa inazunguka bila kupumzika, ampea-saa 31 zinakuwa 60, mwisho kibodi kinachemka na kuzima. Kwa friji ya kufunguka juu, kagua feni inavuta wapi na inatoa wapi. Shika karatasi ya tishu mbele ya matundu utaona. Upande huo acha sentimita 10 wazi, pande nyingine sentimita 5. Kwa ya mlango wa mbele ndani ya kabati, toboa tundu la kuingiza hewa chini na la kutoa juu, kila moja lisipungue sentimita 10 kwa 20. Weka kibao cha kuziba kati ya kondensa na mgongo wa friji, ili hewa iliyoingia chini ilazimike kupita kwenye kondensa badala ya kukata njia ya mkato.

Usitoboe bodi la gari. Matundu ya ubavuni ni ya friji za gesi kwa sababu ya moshi. Kompresa inatosheka na hewa ya ndani ya gari, mradi isifungiwe na kuwe na tundu la paa au dirisha lililoachwa kidogo. Tundu la sakafuni nalo hapana. Barabara ya vumbi itakujazia kondensa kwa safari moja.

Mwanza na ziwa viko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu kidogo. Si jambo la kutisha, ila vipimo vilivyoandikwa kitabuni vichukue kuwa kima cha chini.

Ukitaka kuongeza stairofomu ya nje kupunguza matumizi, iendeshe friji saa moja kisha papasa kuta zote. Ukuta wenye joto una mabomba ya kondensa ndani, huo usiufunike hata kidogo. Kuta zilizo baridi au za kawaida, bandika sentimita 2 hadi 3.

#13 Mkerewe

Fundi kasema yote isipokuwa jambo moja la huku kwetu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji. Wakija usiku na gari lina taa, wanaingia kwenye feni na kubandika kwenye mapezi ya kondensa. Wakichanganyika na vumbi ni tope kavu.

Weka wavu wa mbu kwenye matundu, lakini wavu unapunguza hewa karibu nusu, kwa hiyo ukiweka wavu ongeza tundu liwe mara mbili. Wavu uwe wa kutoa, umefungwa kwa utepe wa kunata au skrubu mbili, uoshwe. Kondensa isafishwe kwa brashi laini ya rangi kwa kufuata mapezi. Ukipuliza kwa kompresa ya gereji shikilia feni isizunguke, la sivyo inaharibika beringi.

#14 Mtemi wa Nyakato

Shukrani Mkerewe, hilo lisingeandikwa kwenye kitabu chochote. Reli ya kuvuta inafungwaje? Sakafu ni plaiwudi ya mili 12 juu ya bati.

#15 Bwana Kirumba

Friji tupu kilo 15 hadi 20, ikijaa inakaribia 50. Usiishikize kwenye plaiwudi kwa skrubu za mbao, breki moja ya ghafla itakufuata kitini. Boliti nne za M8 zipite plaiwudi na bati, chini weka washa pana au kipande cha bati nene, nati za kujifunga. Kabla ya kutoboa lala chini ya gari uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na ya AC ya nyuma yanapita wapi. Tundu ulipake rangi ya kuzuia kutu kisha silikoni. Reli iwe na kufuli la ndani na la nje, na waya wa friji uachiwe nafasi ya kutembea bila kubanwa.

#16 Dada wa Igoma

Naomba niulize hapa hapa. Friji ina kompresa ya BD35, taa ndogo ya kibodi inamulika. Mara nyingine inamulika mara moja, mchana inamulika mara tano. Fundi anasema gesi imeisha.

#17 Fundi Baridi

Dada, mwambie asiguse gesi. Ile taa inasema ukweli. Inarudia kila sekunde 4, hesabu mimuliko:

Mmoja: volti ni ndogo. Bila kubadilishwa, kinga inakata kwenye 10.4 na kurudisha kwenye 11.7. Rudi kwa maelezo ya Volti juu ya waya.
Miwili: feni inavuta umeme kupita kiasi. Imekwama, au mtu kaweka feni kubwa. Kibodi kinaruhusu nusu ampea tu.
Mitatu: mota imeshindwa kuanza. Mara nyingi ni shinikizo la gesi bado halijasawazika baada ya kuzimwa na kuwashwa haraka. Zima, subiri dakika 5 hadi 10.
Minne: mota inazunguka chini ya kasi ya chini inayotakiwa, imelemewa.
Mitano: kibodi kimechemka. Ni hewa.

Wewe mara nyingine una tatizo la waya au betri, mchana una tatizo la hewa. Gesi ikiisha taa haimuliki kabisa. Kompresa inazunguka bila kukoma, kondensa haipati joto, na ndani barafu inashika kona moja tu ya sahani ya kupozea au haishiki kabisa.

Na ikiwa kweli gesi imetoka, mambo matatu. Kwanza lipatikane tobo, gesi haiishi kwa kutumika. Pili drayeri, kile kichujio cha kunyonya unyevu, ibadilishwe na mfumo uvutwe hewa kwa pampu ya vakyumu, si "kusukuma hewa kwa gesi kidogo". Tatu, ijazwe kwa mizani. Friji hizi zinabeba gramu chache sana, kiasi kimeandikwa kwenye stika, na tofauti ya gramu 10 inaharibu kazi. Anayejaza kwa kuangalia geji peke yake kama anavyojaza AC ya gari, mpe chai aende. Stika ikisema R600a ni gesi inayowaka, hakuna kuchomelea bomba ikiwa bado imo. Ikisema R134a usikubali "yoyote tu iliyopo".

#18 Muuguzi wa Magu

Samahani kuingilia, hizi friji zinafaa kubebea chanjo za huduma ya mkoba?

#19 Fundi Baridi

Hapana dada. Chanjo zina vifaa vyake vilivyopitishwa na Shirika la Afya Duniani. Za chakula, joto lake linapanda na kushuka, na karibu na sahani ya barafu panaweza kuganda wakati kipimo kinaonyesha 4. Mtu na insulini yake ya safari anaweza, ikiwa kwenye kikapu cha juu mbali na ukuta wa barafu, friji imewekwa 5, na kipimajoto chake mwenyewe kimelala pembeni yake. Ikiganda hata mara moja haifai tena.

#20 Mama Bwiru

Mtemi, kwa kuwa utapita mialo mingi, jua kabla hujanunua sato kilo 10 wa moto wa jua ukawatupa humo. Kuwashusha kutoka nyuzi 28 hadi 4 kunahitaji friji itoe joto la kama wati-saa 240, na kwenye betri hilo ni kama Ah 15, nusu ya matumizi ya siku nzima. Kuwagandisha kabisa ni habari nyingine: maji ya samaki yakigeuka barafu yanatoa joto mara tatu ya hilo, na kwenye baridi ya friza kompresa inafanya kazi kwa shida zaidi. Betri yako ya jeli haiwezi.

Samaki wapozwe kwa barafu ya kununua hapo hapo mwaloni, kwenye boksi la pembeni, utumbo umetolewa. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zinafyonza joto la karibu wati-saa 930, na hazijagusa betri. Wakishakuwa baridi ndipo waingie kwenye friji, wamefungwa vizuri kwa sababu ya harufu. Na kila kitu kingine kianze safari kikiwa baridi: chomeka friji kwenye umeme wa TANESCO usiku mzima kabla ya kuondoka, ijaze. Friji tupu inapoteza baridi haraka, chupa za maji zijaze nafasi.

#21 Mtemi wa Nyakato

Nimechukua daftari kabisa. Mambo mawili ya mwisho. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri lakini paneli ya paa hailambi jua, nifanyeje? Na altaneta inachajije hii betri ya pili nikiwa njiani?

#22 Volti Kumi na Mbili

La kwanza: gawa paneli. Wati 100 paani, zikiwa zimeinuliwa sentimita 4 kwa brakketi ili hewa ipite chini, na wati 100 za kukunja zenye waya wa mita 8. Gari linakaa kivulini, friji inapumzika, paneli ya pili iko juani. Mili 4 inatosha kwa waya huo. Kontrola ya chaji ikae karibu na betri, si karibu na paneli. Zote mbili ziwe na volti zinazolingana kama utaziunga sambamba kwenye kontrola moja.

La pili: usiunge betri mbili kwa waya mtupu. Ukilala utaamka zote zimekufa, na gari haliwaki. Kwa jeli, rilei inayohisi volti, yaani switchi inayojiunga na kujiachia yenyewe, inafaa. Inaunga altaneta ikifika kama 13.3 na kuachia ikishuka 12.8. Bora zaidi ni chaja ya betri kwa betri ya ampea 25 au 30, kwa sababu inampa jeli volti yake halisi, kwa kawaida 14.1 hadi 14.4, soma ubavuni mwa betri. Lakini kwanza soma kiwango cha juu cha ampea za chaji hapo hapo ubavuni. Jeli nyingi za Ah 100 hazitaki kuzidi 20, basi chaja iwe ya 20 au iwe ya kurekebishika. Kama siku moja utahamia LiFePO4, chaja hiyo si hiari tena. Lithiamu inavuta kila ampea altaneta iliyonayo, na gari likiwa kwenye foleni injini polepole altaneta inaungua.

Kwa ampea 20, Mwanza hadi Ndabaka ni kama saa mbili za mwendo, utaingia hifadhini umeongeza hadi Ah 40. Waya mili 10, fyuzi ya ampea 40 kwenye ncha zote mbili kwa kuwa kila ncha ina betri yake, na ule waya mwembamba wa kuamsha chaja uchukue umeme unaokuja switchi ikifunguliwa tu.

#23 Fundi Baridi

Kabla hujafunga boliti hata moja, iendeshe friji siku nzima uani, chupa za maji ndani, kipimajoto katikati, na mita ya wati kwenye waya. Andika Ah za saa 24. Ukipata kati ya 25 na 35, funga. Ukizidi 45 kwenye kivuli, irudishe dukani ikiwa bado ina risiti na haina matundu ya boliti. Bana noti kwenye raba ya kifuniko pande zote nne, ikivutika bila kushikwa raba haikazi. Na gari likirudi nyumbani, zima, kausha ndani, acha kifuniko kimeegemea kitu kisifunge. Unyevu wa huku unaotesha ukungu mweusi kwenye raba ndani ya wiki.